Adeer, Bunduki Yako Imepewa Mpaka Ijumaa

Garissa, Jumatano, baada ya kazi

Adeer Farah,

Ni mimi, Kavata wa ofisi ya maji. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Kikamba changu hukukijua, na Kisomali changu kiliishia kwenye salamu, hili neno adeer la kukuita ami, na bei ya maziwa ya ngamia. Karatasi hii ni ya serikali na nimeichukua bila ruhusa. Usinikemee, maana sina nyingine, na leo sina subira ya kwenda dukani.

Nina jambo, na mtu wa kuliuliza ni wewe tu. Bunduki yako bado iko kituoni. Polisi walikuja kuichukua nyumbani kwako mtaa wa Galbet baada ya wewe kufariki, kama sheria inavyotaka mwenye cheti akiondoka, na imekaa ghalani kwao miezi sita ikiwa na karatasi imefungwa shingoni kwa uzi. Juzi mkuu wa ghala alinipigia simu ofisini. Akasema apatikane mtu mwenye ruhusa wa kuinunua, na apatikane kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipopatikana itapakiwa kwenye lori la Nairobi pamoja na zile zilizokamatwa mpakani, ikakatwe vipande.

Mtu mwenye ruhusa hapa mjini ambaye bado hajanunua bunduki ni mmoja tu. Ni mimi huyu. Ruhusa niliyopewa, ile tuliyoihangaikia mwaka mzima mimi na wewe, ni ya bunduki moja. Si mbili, Adeer. Na ile iliyonifaa nimeshaiona Nairobi, muuzaji ameniwekea mpaka mwisho wa mwezi. Nikichukua yako, ile nimeiacha. Nikichukua ile, yako inaenda kwenye msumeno.

Kesho kutwa ndiyo Ijumaa.

Unakumbuka siku ya kwanza? Mimi naikumbuka kwa aibu. Wenzangu wa ofisini walinichokoza, ati Wakamba ni watu wa mishale, basi twende Jumamosi kwenye renji, uwanja wa shabaha wa polisi, tuone. Klabu yenyewe ilikuwa watu wanane: walimu wawili, daktari wa mifugo, maafisa wachache, na wewe, fundi wa bunduki mstaafu, ndevu nyekundu za hina, unatembea nyuma ya watu mikono mgongoni kama msimamizi wa mtihani. Nilipewa bunduki yako ile ya risasi ndogo za tuu-tuu, inayojipakia yenyewe: ukivuta kidole inatoa ganda, inaingiza risasi nyingine, inakungoja. Mimi sikungoja. Nilipiga kumi kwa muda wa mtu kupiga chafya tatu.

Ulikuja ukainama, ukaokota maganda moja moja mchangani, ukayaweka kwenye kiganja changu. "Kafata," ukasema, kwa maana jina langu hukuwahi kulitamka vingine, v kwako ilikuwa f na p ilikuwa b, "hizi ni kumi. Karatasi imebata ngapi?" Nikasema sufuri. Ukauliza, "Basi ulikuwa unabigia nani kelele?"

Wale walimu walicheka mpaka nikataka kuondoka. Nilibaki kwa hasira tu, nikuambie ukweli. Sikubaki kwa kupenda.

Kuanzia siku hiyo ukawa unanitilia risasi moja kwenye magazini. Moja! Bunduki inayobeba kumi, na mimi napewa moja kama mtoto anayegawiwa peremende. Napiga, naweka chini, natembea mpaka kwenye karatasi, naangalia, narudi, napewa nyingine. Miezi minne. Nilikutukana kwa Kikamba, ukacheka, ukasema hata tusi nalitoa mbiombio. Ulisema mtu mgeni akinunua bunduki ya kujipakia ananunua tamaa ya kufyatua, na risasi zinamwisha kabla hajajua kwa nini anakosa. "Hii ina haraka yake. Wewe shika bumzi yako." Sasa nikipiga nasikia hiyo bumzi sikioni, na sijui kama nitaisikia mpaka lini. Sauti za watu zinafutika. Ya baba yangu siikumbuki tena.

Nakukosa, Adeer. Niliseme mapema, lisije likapotea katikati ya habari za vyuma. Jumamosi asubuhi bado naamka saa kumi na moja, nachemsha chai, natia tangawizi nyingi uliyoipenda, halafu nakumbuka. Siimwagi. Nakunywa vikombe vyote viwili, kisha mchana kutwa moyo unanidunda.

Siku ulipofariki sikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa Mwingi kwa mama, Krismasi, mvua ya El Niño ikaja ikakata barabara, na Tana ukapanda ukala mashamba mpaka watu wakalala juu ya paa. Wiki tatu nimekwama. Kila siku naenda stendi naambiwa basi haliendi, hata polisi wa kulisindikiza wenyewe wamekwama. Habari ilinifikia kwa dereva wa lori. Alisema tu, "Yule mzee wa renji amekwenda, malaria." Nilipofika ulikuwa umezikwa siku ile ile uliyokufa, kama ilivyo desturi yenu, na nilipouliza kaburi nikaonyeshwa uwanja mzima wa mawe. Mawe yote yanafanana. Nilisimama kando ya ua nikasalimia yote kwa pamoja, isije ikawa nimekuruka.

Kwa hiyo unaona. Kitu chako kilichobaki ambacho mkono wangu unakijua ni ile bunduki. Sina picha yako. Hukupenda picha. Sina kaburi.

Tulikuwa tumekubaliana utanisindikiza Nairobi kunichagulia. Ulisema Januari. Nilikwenda peke yangu mwezi uliopita, kwa pesa za ng'ombe wawili wa mama, na mama hajui ni za nini, anadhani nanunua ploti. Nilipanda ngazi za duka la bunduki. Muuzaji kijana, tai shingoni, ananiita "madam" na jicho lake linanitafutia mume nyuma yangu. Akaniletea kwanza mpya, nyeusi, magazini ndefu imepinda, na darubini juu kubwa kama chupa ya chai. Akasema hii ndiyo vijana wanapenda. Nilitazama bei nikairudisha polepole, kwa mikono miwili.

Ndipo nikakusikia. "Usimchague ngamia amesimama sokoni, kila ngamia amesimama ni mzuri. Mlaze, mbakie mzigo, mwambie inuka." Nikamwomba yule kijana anionyeshe zile zilizotumika, za bei ya mtu wa mshahara. Akanitolea mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri, Adeer, mbao yake inang'aa, ya mzungu mmoja aliyefariki Nanyuki. Nikauliza magazini ya akiba. Akasema hakuna, kiwanda kilishafungwa. Nikaweka chini. Wewe ulisema bunduki ya kujipakia bila magazini ya pili ni punda wa miguu mitatu.

Ya pili ni mbaya wa sura. Mbao imekwaruzwa kama imetafunwa na mbuzi, na rangi ya mtutu imechujuka. Ni fupi, lakini ina magazini mbili. Ilikuwa ya mama mmoja mkulima aliyerudi kwao Ulaya. Nikafanya ulivyonifundisha: nikafumba macho, nikainua, nikaweka kitako begani bila kujisogeza, shavu kwenye mbao, nikafumbua. Kilengeo cha mbele kimekaa katikati ya tundu la nyuma, kimetulia, kama kilikuwa kinanijua. Nikafumba tena, nikainua tena. Kimekaa. Nilicheka peke yangu mle dukani na yule kijana akaanza kunihurumia.

Sikununua papo hapo. Ulinikataza. Nikamwambia nataka kuilisha risasi za bei ya chini, zile za boksi la kijivu nitakazokuwa nikinunua kwa kweli, si zile za kifahari wanazokupa siku ya kujaribu. Maana hizi za kujipakia zina kuchagua chakula, risasi ikiwa dhaifu haina nguvu ya kusukuma chuma nyuma, inakwama. Jumamosi tukaenda renji yao. Risasi hamsini za boksi la kijivu, moja moja kwanza, halafu tano tano. Haikukwama hata mara moja. Yule kijana akaniuliza, "Madam, nani alikufundisha?" Nikamwambia ni ami yangu, Msomali wa Garissa. Akaniangalia uso, akaangalia jina langu la Kikamba kwenye cheti, akakirudisha.

Kwa hiyo kwa akili mambo yameisha. Ile mbaya wa sura ndiyo yangu. Ungekuwepo tungekuwa tumeshasahau.

Lakini jana nilikwenda kituoni kuiona yako. Nilijiambia naenda kuiaga tu. Yule mkuu wa ghala ni mtu wa Meru, mpole, akanitolea akaiweka mezani imepanguswa vumbi. Nikanusa ile mbao. Adeer, bado ina harufu ya mafuta ya nywele zako na ubani wa nyumba yako. Pale unapowekaga shavu pamelika, pamekuwa laini na peusi. Niliweka kidole hapo nikashindwa kukiondoa.

Nikafumba macho nikainua. Nilifumba kweli, sikuchungulia. Nilipofumbua nilikuwa natazama dari. Kitako kirefu mno. Wewe ulikuwa mrefu kama nguzo ya simu na mimi ni mwanamke mfupi wa kwenda dukani kununua sketi ya shule. Miaka mitatu nimeipiga nikijikunja shingo, na wewe ukisema, "Hii ni ya kujifunzia, Kafata, si ya kuolewa nayo." Nilifumba tena mara nne, nikijidanganya kwamba mara hii nitafumbua nikute imekubali. Mkuu wa ghala akasema, "Mama, hiyo si shida. Fundi anakata kitako inchi mbili, inakukaa sawa." Akaonyesha kwa kidole pa kukata. Msumeno ungepita huko nyuma, hapo pa shavu pangebaki, lakini shavu langu lingekaa mbele zaidi, na mahali pako pangebaki nyuma ya sikio langu, bure. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wanaongoja dhamana.

Si kwamba sijui ungesema nini. Najua. Tatizo ni kwamba sitaki kukutii.

Mara ya mwisho kukataa kukutii unajua iliisha vipi. Uliniachia niisafishe siku moja kabla ya mashindano na maafisa wa Wajir, ukaniambia kitambaa kikavu, basi. Nami nikaona huyu mzee ameishiwa na mafuta anaona haya kusema. Kwetu panga na jembe mama anazipaka mafuta zisishikwe na kutu, na chuma ni chuma. Nikatia mafuta ya cherehani mpaka yakadondoka. Asubuhi upepo wa Garissa ukaja na mchanga wake wote. Risasi ya tatu ikakwama. Ya tano ikakwama. Maafisa wa Wajir wakaanza kunisaidia kuhesabu. Wewe ulivua kilemba kichwani, mbele ya watu, ukaifungua ukaipangusa lile tope, ukanirudishia. Baadaye kwenye chai ndipo ukauliza, "Huku kumekauka hivi, unaibaka mafuta ya nini, inaenda harusi?" Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nilivunjika mbele ya watu arobaini. Na bado leo nataka kuvunja la pili.

Jana hiyo hiyo kutoka kituoni nilipitia kwa mkeo Halima, nimwitaye Eddo, shangazi. Eda yake imeisha, anatoka sasa, amekonda lakini sauti ni ile ile. Alinipa mkate wa anjera na chai, akaniangalia ninavyokula. Nikamwambia habari ya Ijumaa. Nilitaka aniambie nunua, iwe jambo la familia, niweze kusema nimetumwa na mjane. Yeye kile chuma hakukipenda siku zote, hilo unalijua kuliko mimi. Tangu mwanenu Yusuf alipopigwa risasi na majambazi kwenye lori la Mandera, miaka mitano sasa, alikuwa hakuruhusu kukiingiza chumbani, unakifungia kwenye sanduku la chuma kule stoo, na ukitoka renji unanawa mara mbili kabla ya kugusa kikombe chake. Nilidhani atakasirika au atalia.

Hakufanya moja wala la pili. Alisema, "Wewe ni mtoto wangu. Ukinunua, utakuja hapa nayo begani mwako, nitakufungulia mlango. Usiponunua, utakuja bila hiyo, nitakufungulia mlango." Halafu akaniongezea chai. Nilipoinuka akanishika mkono kwenye kiwiko, akaukamua kidogo, akasema kitu kwa Kisomali ambacho sikukielewa na hakukitafsiri.

Basi nimekaa hapa na karatasi ya serikali. Ofisi yote imeondoka, feni inalia. Nitaandika mengine Ijumaa.


Ijumaa, alasiri

Adeer, sikuinunua.

Nilifika saa tatu. Nililala vizuri, usifikiri nilikesha. Nilienda nikiwa nimevaa vizuri kama mtu anayekwenda benki, na mpaka kwenye mlango wa ghala nilikuwa nataka kusema naichukua. Pesa nilikuwa nazo kwenye mkoba, nilizitoa asubuhi. Nimekuambia nilivyo.

Ghalani kulikuwa na zile nyingine zimepangwa sakafuni, zinangoja lori. Sikuwahi kuziona nyingi hivyo. Ndefu, fupi, zenye kamba badala ya mkanda, moja imefungwa waya pale mbao ilipopasuka, moja ina shanga za mtoto. Mkuu wa ghala akasema nusu zimetoka upande wa Hulugho, karibu na mpaka wa Somalia, kwa mwezi mmoja tu, ati siku hizi huko mbuzi ni ghali kuliko bunduki. Na yako mwishoni, ndogo, safi, ina cheti chake. Nilizitazama nikamfikiria Yusuf. Mojawapo ya hizi ndiyo iliyompiga, au ndugu yake. Nikajiuliza kama mimi nataka bunduki au nakutaka wewe. Jibu lilikuja papo hapo, sikuhitaji kufumba macho.

Nikamwambia siichukui. Akanipa kitabu nikaandika kwa mkono wangu, "Mimi Kavata, sitainunua bunduki hii," nikatia sahihi. Kalamu yake haikuandika vizuri, ikabidi nirudie neno "sitainunua" mara mbili, kama vile mara moja haitoshi.

Kisha nikaomba niipanguse. Akasema, "Ya nini, mama, si inaenda kukatwa?" Nikasema inaenda safari. Akaniachia. Nilitumia leso yangu, kavu. Nikafungua, nikatoa mchanga wa pembeni mwa kifyatulio, nikapangusa mtutu kutoka nyuma kwenda mbele, nikapangusa pale pa shavu mwisho kabisa. Nilipomaliza nikaiweka na zile nyingine kwa mkono wangu mwenyewe. Sikulia. Nililia baadaye, kwenye duka la Mwarabu, nikinunua sukari, na yule Mwarabu akanipunguzia bei.

Sukari ilikuwa ya kumpelekea Eddo Halima. Nilimpelekea na kitu kingine pia. Kwenye saraka yangu ya ofisini kulikuwa na kadi zako za shabaha, zile karatasi za duara jeusi ulizokuwa ukiniachia kila Jumamosi kwa kuwa hukutaka kuziingiza nyumbani. Ni nyingi, Adeer. Nimezifunga na uzi. Niliona si zangu.

Alinifungulia mlango akanitazama mabegani, kulia na kushoto. Nikasema nimeiacha. Akakaa chini papo hapo, pale mlangoni, kwenye kizingiti. Nami nikakaa. Tulikaa muda, watu wakipita wakitusalimia na sisi tukijibu kama kawaida.

Nikampa zile kadi. Aliivuta ya juu, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye matundu. Akauliza hii ni nini. Nikashangaa. Nikamwambia ndiyo shabaha, Eddo, ndiyo aliyokuwa akipiga kila Jumamosi. Akageuza nyuma na mbele. Akavuta ya pili, ya tatu. Akauliza, "Karatasi? Mzee alikuwa anabiga karatasi tu?"

Nikasema karatasi tu.

Adeer, ulijua alichokuwa akidhani? Miaka mitano yule mama alidhani unajifunza kwa ajili ya mtu. Aliniambia hivyo hivyo, kwa Kiswahili, anatazama barabarani. "Mimi nilifikiri anatafuta wale wa Yusuf. Kila Jumamosi akienda, mimi naswali, ya Rabi, arudi bila damu ya mtu. Akirudi nasikiliza anavyonawa. Sikuuliza. Mtu kama huyo utamuuliza nini." Kwa hiyo ndiyo sababu ya kile chuma kutoingia chumbani. Ndiyo sababu alikuwa akikaa kando yako na kinywa kimefungwa, nawe ukiniambia, Halima ameninunia tangu mtoto afe, sijui nimemkosea nini.

Hukumkosea kitu. Hukumwambia tu.

Mimi uliniambia. Ilikuwa mara moja, tumekaa kwenye magunia ya mchanga tunangoja upepo utulie, wala sikukuuliza. Ulisema tangu umshushe Yusuf kaburini mikono yako ilianza kutetemeka, kikombe hakishikiki, na kwamba huna pengine inapoacha kutetemeka ila pale, nyuma ya bunduki, mbele ya karatasi, ukishika pumzi. Ulisema, "Bale mkono unanyamaza kidogo, na mimi nanyamaza." Kisha upepo ukatulia, ukanipa risasi yangu moja, tukaendelea. Nilidhani nyumbani wanajua. Nilidhani mimi ndiye wa mwisho kuambiwa.

Nilimwambia, Adeer. Unisamehe kama ilikuwa siri. Ilikuwa yake kabla ya kuwa yangu, na umeniachia mimi mpita njia wa Mwingi. Nilimwambia mkono, kikombe, karatasi, yote, kwa maneno yako. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kikombe alikiona kikitetemeka, akadhani ni hasira. Kisha akavuta shuka usoni akalia, si sana, kama mtu anayetua mzigo na bado mabega yanauma. Nikalia naye. Kadi moja aliichukua, ile ya matundu matano yaliyogusana, akaingia nayo ndani, nikasikia sanduku lake la nguo likifunguliwa na kufungwa. Zile nyingine amenirudishia, amesema niweke mimi.

Jumatatu napanda basi la Nairobi kuichukua ile mbaya wa sura. Nitaileta huku na kitambaa kikavu, na magazini mbili, na boksi la kijivu. Nitatia moja moja mwaka mzima, hata watu wa klabu wanicheke. Na kila mwisho wa mwezi nitampelekea Eddo kadi yangu. Bunduki itabaki ghalani kwa polisi, nimeshaomba, haitapita Galbet. Kadi tu. Amesema atavaa miwani ahesabu, na nikikosa atanicheka kuliko ulivyokuwa ukinicheka wewe.

Kaburi lako amesema atanionyesha. Tutakwenda naye siku ikipoa.

Pumzika, Adeer. Hukuwa ukimtafuta mtu. Sasa anajua.

Kavata